Ndege ya abiria 250 inayofika mbali: kwa nini naitetea kuliko dege la viti 400

MizaniYaNdege (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila unapofunguliwa uzi wa ndege humu, mabishano huishia kwenye ukubwa: nani ana dege kubwa, la nani lina viti vingi. Mimi kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kupanga uzito wa ndege. Abiria wangapi wamepanda, mizigo kilo ngapi, mafuta tani ngapi, kontena lipi likae mbele na lipi nyuma. Kisha karatasi inaenda kwa rubani, anaisaini, milango inafungwa. Kazi hii imenizoesha kuitazama ndege siku ikiwa nusu tupu. Desemba kila ndege inajaa, hata ile isiyofaa. Ndege unainunua kwa ajili ya Jumanne ya mwezi wa nne, masika imeshika, watalii wameshaondoka, na bado mafuta ni yaleyale, marubani ni walewale na ada ya kutua ni ileile.

Nitazungumzia zaidi Boeing 787, yaani Dreamliner, kwa sababu sisi Watanzania tunayo na majirani wanayo. Hoja yenyewe inaihusu pia Airbus A330neo.

Tuwekane sawa kwenye vipimo kwanza. 787-8, ndogo kuliko zote katika ukoo wake, ina urefu wa mita 56.7 na huenda takriban kilomita 13,500 bila kutua. 787-9 ina mita 62.8 na hufika kilomita 14,000. Ile ya kwanza ya Air Tanzania, iliyopokelewa Dar Julai 2018, ina viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Kenya Airways kwenye ndege hiyohiyo wameweka viti 234. Kwa ukubwa huo inaweza kutoka Dar hadi Guangzhou, kilomita kama 8,700, na mafuta ya akiba yakabaki ya kutosha.

Zamani umbali na ukubwa vilikwenda pamoja. Ukitaka kufika mbali kabisa ulinunua Boeing kubwa, 747 au 777, kisha ukaanza kuhangaika kutafuta watu wa kuijaza. Boeing 767 ilikuwa na ukubwa mzuri, lakini safari ndefu zaidi zilikuwa nje ya uwezo wake. Dreamliner ndiyo iliyotenganisha mambo hayo mawili: umbali wa jitu, tumbo la mtu wa kawaida. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko madirisha mapana na taa za rangi ambazo kila mtu huzisifia.

Sasa hesabu. Chukulia njia yenye abiria 180 kwa siku kila upande. Ukiweka ndege ya viti 262, umejaza karibu asilimia 69. Ukiweka ya viti 400, umejaza asilimia 45. Watetezi wa dege kubwa watakwambia gharama kwa kiti kimoja iko chini. Ni kweli, kama kiti kimekaliwa. Kiti kitupu hakijawahi kulipa mafuta. 787-8 inakunywa takriban tani 5 za mafuta kwa saa. 777-300ER inakunywa zaidi ya 7. Safari ya saa kumi, hiyo ni tofauti ya tani 20 na ushee, na unazilipa uwe umejaza au hukujaza.

Kuna atakayesema: basi lirushe dege kubwa mara tatu kwa wiki, abiria wajikusanye. Kwenye karatasi inakaribia kukubali, maana 180 mara siku saba ni 1,260, na safari tatu za viti 400 ni 1,200. Lakini abiria si magunia ya kusubiri ghalani. Mwenye mkutano Alhamisi hangoji ndege ya Ijumaa. Anapitia Doha, Dubai au Addis, na akishazoea kupita huko hukumuona tena. Huyo huyo ndiye anayelipa nauli ya daraja la biashara. Halafu wafanyakazi wako wa ndegeni wanalala hotelini ugenini siku mbili wakisubiri ndege ya kurudi nayo, kwa posho na bili za hoteli. Safari ya kila siku kwa ndege ya wastani inaziba mianya hiyo yote.

Mfano wa jirani, na nausema kwa heshima kwa sababu somo lao ni letu pia. Kenya Airways walichukua 777-300ER tatu kuanzia 2013. Ndege nzuri mno. Emirates wamejenga sehemu kubwa ya biashara yao juu yake. Lakini Nairobi haikuwa na umati wa kuzijaza kila siku, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 shirika likatangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2, sababu zikiwa nyingi, ndege zikiwemo. 777 zile zikakodishwa kwa Turkish Airlines. Dreamliner ndizo zilizobaki kubeba safari za mbali. Kwenye shida, shirika lilijibana kwenye ndege ya ukubwa wa kati.

Mfano mwingine ni wa matajiri. British Airways walifungua London kwenda Austin, Texas, Machi 2014 kwa 787-8. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama Austin ina abiria wa kutosha. Walikuwepo, na baadaye njia ikapandishwa hadi 777, kisha 747. Angalia mpangilio huo: unaanza na ndege ambayo ikikosa abiria haikuui, soko likikua unaongeza. Ukianza na jitu, njia inafungwa kabla watu hawajajua kuwa ipo.

Hata KLM, na uzoefu wao wote, kwa miaka mingi wamekuwa wakitua Kilimanjaro kwanza, wanashusha wapanda mlima na watu wa mbuga, kisha ndege ileile inaendelea Dar. Miji miwili inachangia ndege moja ya wastani.

Upande wa mizigo ndiko ninakokaa mimi, kwa hiyo mnivumilie. Chini ya sakafu, 787-8 inameza kontena 28 za aina ya LD3, mbilimbili ubavu kwa ubavu. 767 haikuweza kuzipanga hivyo. Tumbo lake ni jembamba. Maana yake kontena lililotoka kwenye 777 huko Dubai linaingia moja kwa moja kwenye Dreamliner bila kufunguliwa na kupangwa upya. Ukiwa na abiria 180 badala ya 262, kuna takriban tani nane za watu na mabegi yao ambazo hazikupanda. Tani hizo zinaweza kuwa minofu ya sangara.

Usiku mmoja nilikuwa naipanga ndege ya zamani ya shirika moja la nje, yenye njaa ya mafuta. Hali ya hewa kule inakokwenda ikabadilika na rubani akaomba mafuta zaidi. Uzito wa kuruka ulikuwa umeshafika mwisho, kwa hiyo kila tani ya mafuta iliyoingia ilibidi tani ya mzigo itoke. Tulishusha kontena la samaki. Nilisimama kando yake, barafu inayeyuka, matone yanagonga lami moja moja, na simu ya mwenye mzigo inaita mfukoni mwangu. Ndege inayotumia mafuta kidogo inamwacha mwenye samaki asafirishe samaki wake. Watu wakisema Dreamliner inaokoa asilimia 20 ya mafuta ukilinganisha na 767, mimi huona lile kontena.

Akiba hiyo inatoka wapi? Nusu ya uzito wa mwili wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu, nyepesi na ngumu. Ukikaa karibu na bawa utaliona likijikunja kwenda juu wakati wa kuruka. Limeumbwa hivyo, usiogope. Injini hazinyonywi hewa ya kulisha kabini kama ndege za zamani, hewa inasukumwa na mashine za umeme. Na kwa kuwa mwili huo hauchoki haraka kwa mgandamizo, kabini huwekwa kama vile uko mita 1,800 juu ya bahari badala ya 2,400. Wenye kuvimba miguu na kuumwa kichwa safarini wanaielewa tofauti hiyo.

Karibuni tujadili.

Msafiri_Embakasi

Salamu kutoka Nairobi. Kuhusu 777 umesema ukweli, na unauma, lakini ni ukweli.

Niongeze la New York. Kenya ilipata daraja la kwanza la usalama wa anga la Marekani Februari 2017, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways wakaanza Nairobi hadi New York moja kwa moja. Ni kilomita 11,800 na zaidi, saa kama 15 kwenda. Jaribu kuifanya njia hiyo kila siku kwa ndege ya viti 400 uone. Kwa 787 ilianza, ikapunguzwa misimu ambayo abiria walikuwa wachache, ikaongezwa walipojaa.

Ila kuna jambo hukuligusa. Uwanja wetu wa JKIA uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, bawa linashika kidogo na injini inapumua kidogo, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 haiwezi kujaa pia watu na mizigo. Umbali ule wa kwenye vitabu si umbali wa Nairobi.

MizaniYaNdege

Mkuu Embakasi, ahsante sana, hapo umenigusa kwenye kazi yangu hasa.

Addis ndiyo imezidi, iko mita 2,300. Ndiyo maana Ethiopian wakienda Marekani wamekuwa wakitua njiani kuongeza mafuta, nyakati tofauti Dublin, Roma au Lomé, lakini kurudi mara nyingi wanakuja moja kwa moja, kwa sababu viwanja vya kule viko karibu na usawa wa bahari. Ndege ileile, njia ileile, ila upande mmoja inabanwa na mlima.

Sasa tazama pwani yetu. Dar iko mita 55 tu, barabara ya kurukia ina mita 3,000. Mombasa na Zanzibar vilevile ziko chini. Joto la nyuzi 32 linapunguza kidogo, lakini si kama mwinuko. Dreamliner inayoondoka Dar inaondoka na karibu kila ilichonacho. Shirika la Neos la Italia linakuja Zanzibar na 787 kutoka Milan ikiwa imejaa watalii, na inaweza kurudi bila kutua popote. Hii ni rasilimali ambayo hatuitangazi hata kwenye vipeperushi vyetu.

FundiWaHanga

Mleta mada, uzi mzuri, lakini umeipaka ndege hii mafuta ya nazi mno. Sisi wa matengenezo tuna ya kusema.

Injini ya Trent 1000 ya Rolls-Royce, iliyofungwa kwenye Dreamliner za Air Tanzania, imesumbua dunia nzima. Mapanga ya ndani ya injini yalianza kuliwa na kutu na kupata nyufa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Shirika la ANA la Japani lilikutana na tatizo hilo 2016, na kufikia 2018 makumi ya 787 yalikuwa yamekaa chini duniani yakisubiri injini. Kenya Airways walichagua GEnx ya General Electric na hawakuingia kwenye foleni hiyo.

Sasa ANA wana Dreamliner nyingi, moja ikilala wanaweka nyingine. Ukiwa na tatu kama sisi, ya 2018, ya 2019 na ya 2024, moja ikilala umepoteza theluthi ya safari zako za mbali. Mbili zikilala, ratiba yote imekufa na abiria wako wanalala sakafuni. Ndege ya wastani ni sahihi. Ndege ya wastani isiyo na injini ya akiba ni mzigo.

MizaniYaNdege

Mkuu Fundi, naipokea yote. Ningeongeza kwamba hoja yako inazidi kuwa kali kwenye dege kubwa, kwa sababu ndege moja ya viti 400 ikilala, hujapoteza theluthi, umepoteza kila kitu cha siku hiyo. Lakini kwenye injini umesema sawa: uchaguzi wa injini ni uamuzi mkubwa sawa na uchaguzi wa ndege, na injini ya akiba inapaswa kuwemo kwenye bajeti ya siku ya kwanza.

Nalubaale

Hapa Entebbe sisi tulikwenda njia nyingine. Uganda Airlines walichukua Airbus A330-800 mbili, za ukoo wa A330neo, ya kwanza ilifika Desemba 2020, viti 258. Imefanya Dubai, Mumbai, na Mei 2025 wakaanza London Gatwick. Ndege yenyewe inaruka vizuri, ya kimya, safu za viti ni mbili-nne-mbili kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati ya wageni wawili upande wa dirishani. Kwenye Dreamliner nyingi ni tatu-tatu-tatu, mabega yanagusana. Hilo mleta mada amelipita.

MizaniYaNdege

Ni kweli kabisa, ndugu yangu wa Entebbe. Dreamliner iliwahi kufikiriwa kwa viti nane kwa safu, Japan Airlines ndio walioshikilia mbili-nne-mbili. Wengine wote karibu walisukuma cha tisa. Kwa safari ya saa kumi mtu mpana anateseka, sibishi.

Wasiwasi wangu juu ya A330-800 ni kwamba mashirika yaliyoinunua duniani yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku ukitaka kuiuza au kuikodisha, wateja ni wachache. 787-8 na 787-9 zina soko.

BintiKigoma

Samahani wataalamu, mimi ni abiria tu. Kama ndege inaweza kufika Paris, mbona hatuioni ikienda? Na ile ajali ya India inanitia hofu kuipanda.

MizaniYaNdege

Dada BintiKigoma, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

La kwanza: umbali ni wa ndege, ruhusa ni ya nchi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, kwa sababu ya mapungufu kwenye usimamizi wa usalama. Ndege bora hukaa nyumbani kama makaratasi ya usimamizi hayajakamilika. Linaniuma kuliko jambo lolote kwenye uzi huu, kwa sababu abiria wa Ulaya kuja kwetu wapo tele, na wanabebwa na wengine.

La pili: Air India ya Ahmedabad, Juni 2025, ilikuwa 787-8, na waliofariki ni 260 ukihesabu waliokuwa chini. Mungu awarehemu. Ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo kwa ndege hii tangu ianze kubeba abiria Oktoba 2011. Ripoti ya awali ilisema swichi za mafuta za injini zote mbili zilihamishwa kwenda mahali pa kuzima sekunde chache baada ya kuruka. Kabla ya hapo kulikuwa na shida ya betri, Januari 2013, ndege zote zikazuiwa kuruka dunia nzima hadi Aprili. Unajua ya kwanza kurudi hewani na abiria ilikuwa ipi? Ya Ethiopian, kutoka Addis kuja Nairobi.

Kuhusu injini mbili kuvuka bahari, watu huuliza sana. Zamani Marekani iliweka sheria kwamba ndege ya injini mbili isiwe mbali zaidi ya dakika 60 na uwanja wa kutua. 1985 ikaruhusiwa dakika 120 kuvuka Atlantiki kwa 767. Dreamliner ilipata dakika 330 mwaka 2014. Ruhusa hizo hupatikana kwa rekodi ya injini kutozimika hewani.

MkulimaTengeru

Kaka, shikamoo. Mimi nalima maharage machanga na njegere za maganda huku Arusha. Tani mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu. Ndege kama hii inanisaidiaje mimi, au ni ya wenye tani hamsini?

MizaniYaNdege

Marahaba. Ni yako wewe hasa.

Mwenye tani hamsini anatafuta ndege ya mizigo. Wewe wa tani mbili unahitaji ndege ya abiria inayoondoka kila siku. LD3 moja ikijaa haizidi kilo 1,588 pamoja na kontena lenyewe, kwa hiyo tani mbili zako ni kontena mbili, moja ikiwa na nafasi. Ndege yenye abiria 180 inatumia kontena tano au sita kwa mabegi. Toa hizo kwenye 28, utaona nafasi ipo hata ndege ikiwa imejaa watu. Kinachobana mara nyingi ni uzito, na maharage ni mepesi kuliko samaki wenye barafu.

Parachichi ningekwambia peleka kwa meli, linavumilia. Maharage machanga hayavumilii. Ukivuna Jumatatu asubuhi, yapoze siku hiyohiyo kabla ya kupakia, usitegemee ndege ikupozee. Panga masanduku yasizidi mita 1.5 kwenda juu, kontena lina mita 1.6 na hewa inahitaji kupita. Na ukiweka nafasi, taja uzito wa kweli. Ukisema 1,800 halafu mzani ukaonyesha 2,100, zile 300 ndizo ninazolazimika kuziacha chini.